Kuacha mayai: sababu, hatari, na chakula cha kuweka pa nafasi yake

Yai linapatikana karibu kila pahali katika majimbo yetu ya mashariki. Asubuhi kuna chapati na omeleti, mangaribi kuna vijana wenye kutembeza mayai ya kuchemsha pamoja na chumvi na pilipili, na ku soko mayai yanapangwa kwa plato za 30. Hata hivyo kuna watu wenye kuyaacha kabisa. Wamoja ni Waadventista, wengine ni marasta, wengine ni vijana waliosoma juu ya mateso ya wanyama. Maulizo yanayorudi kila mara ni mawili: je, yai liko na ubaya gani? Na mwili utapata wapi kile ambacho yai lilikuwa linaupa? Hapa tunajibu yote mawili, kisha tunaeleza ni nani asiyepaswa kuachishwa mayai.

Neno na maana yake

Mutu asiyekula kitu chochote chenye kutoka kwa munyama, ikiwa ni nyama, samaki, maziwa, mayai na hata asali, anaitwa vegani. Neno hilo lilitungwa Uingereza mu Novemba 1944 na Donald Watson pamoja na wenzake wachache. Wao walikuwa wamekwisha kuacha nyama, lakini waliona kwamba ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai nao wanatumikishwa na mwishowe wanachinjwa. Basi wakaacha vyote. Mutu anayeacha nyama lakini anaendelea kula mayai si vegani.

Tuweke jambo moja wazi tangu mwanzo. Kwetu kuna jamaa nyingi zenye kula bugali na sombe juma nzima bila nyama wala yai. Hao hawakuacha mayai, walikosa feza. Kuacha ni pale mutu anaweza kupata yai, na anachagua mwenyewe kutolikula. Mwenye kuacha yuko na njia ya kujaza pengo. Mwenye kukosa hana. Shauri linalofaa wa kwanza linaweza kumuumiza wa pili.

Tena kuna kunyimwa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, desturi za zamani zilikataza wanamuke kula kuku na mayai. Mama njo alikuwa analisha kuku na kuwafungia mangaribi, lakini yai lilikuwa la baba na la wageni. Kwa hiyo mwanamuke wa leo akiambiwa na bwana yake ao na watu wa ibada kwamba aache mayai, ana haki ya kuuliza: je, ni mimi ninaacha, ao ninanyimwa tena?

Mayai ya kizungu yanatoka wapi

Kuku wote wa dunia walitoka kwa kuku wa pori wa Asia. Yule wa pori anataga mayai 10 hadi 15 kwa mwaka. Kuku ya kizungu ya mayai imechaguliwa kizazi kwa kizazi mpaka inataga karibu 300 kwa mwaka. Ganda moja tu linaomba karibu gramu 2 za kalisiyumu. Kuku asipoipata ya kutosha mu chakula, mwili wake unaitoa ndani ya mifupa, na mifupa inakuwa rahisi kuvunjika.

Katika mafamu makubwa ya inje, kuku wengi wanafungwa mu vizimba vya nyaya ambamo kila mumoja ana nafasi ndogo kuliko karatasi moja la kuandikia. Hawezi kufungua mabawa, hawezi kuoga mavumbi, hawezi kutafuta pahali pa kujificha ili atage. Umoja wa Ulaya ulikataza vizimba vya namna hiyo tangu 2012, ingawa vizimba vikubwa kidogo bado vinaruhusiwa. Mu nchi nyingi za dunia hakuna katazo.

Jambo ambalo linashangaza watu zaidi ni lile la vifaranga madume. Jogoo wa aina hii hatagi, na hanoni haraka kama kuku ya nyama. Basi pale vifaranga vinatotolewa kwa mashine, vinachaguliwa siku ile ile: majike wanauzwa, madume wanauawa kwa gazi ao kwa mashine ya kusaga. Hesabu ya dunia inakaribia miliari 7 kila mwaka. Ujerumani ilikataza kuua vifaranga hivyo tangu 2022, na Ufaransa ikafuata. Kule sasa kuna vyombo vinavyochunguza yai mbele halijatotolewa, ili kujua kama ni dume ao jike.

Je, hayo yanatuhusu sisi? Ndiyo. Sehemu kubwa ya mayai yanayouzwa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia inavuka mupaka kutoka Uganda ao Rwanda, kama vile Lubumbashi inapokea mayai ya Zambia. Na wafugaji wetu wa hapa wananunua vifaranga vya siku moja, mara nyingi kutoka inje ya nchi. Wanapokea majike tu. Madume wamebaki kule walikototolewa. Mufugaji wa Katindo ao wa Kadutu hakuua kifaranga hata kimoja, na anawatunza kuku wake vizuri, lakini kazi yake inaanza pale ile ingine inaishia.

Kuna pia jambo la chakula. Ili kupata kilo moja ya mayai, kuku ya kizungu inakula karibu kilo 2 za chakula, na sehemu kubwa ni mahindi na soja, vitu ambavyo watu nao wanakula. Hapa kwetu, pale bei ya mahindi inapanda kila mara barabara inafungwa, hoja hiyo si ndogo.

Kuku ya kwetu ni mambo mengine

Kuku ya kwetu inatembea, inakwaruza, inalala mu jikoni ao juu ya muti. Inataga mayai kumi na kitu, inayalalia siku 21, kisha inalea vifaranga. Kwa mwaka inatoa mayai 40 hadi 60 hivi, na mengi hayaliwi, yanaachwa yatotolewe. Kifaranga dume hauawi siku ya kwanza. Anakuwa jogoo, anangojea Noeli ao Bonane.

Hapa njo mabishano yanaanza kati ya wenye kuacha mayai. Wamoja wanasema: ikiwa ninaacha mayai sababu ya mateso, kuku huyu hateswi, basi yai lake ninaweza kulila. Tena mama anayeuza mayai matano ku kando ya barabara si kampuni. Kuku njo banki yake. Mutoto akishikwa na malaria usiku, kuku mumoja anauzwa asubuhi. Ukiacha kununua kwake, unayemuumiza ni yeye.

Wengine wanajibu: kuku huyu bado ni mali ya mutu, na mwisho wake ni chungu. Tena yai la kuku ya kwetu mara nyingi lina jogoo ndani ya habari yake. Likiachwa, litakuwa kifaranga. Yai la kizungu halina hilo, sababu kule jike wanafungiwa peke yao bila jogoo, na yai haliwezi kutotolewa hata ukililalisha mwezi nzima. Kwa hiyo mwenye kuogopa kuua uhai ulioanza anaona vibaya yai la kwetu, na mwenye kuogopa mateso anaona vibaya yai la kizungu. Ni vizuri mutu ajue kwanza yeye anaogopa lipi. Wengi wanachagua njia ya katikati: wanaacha yai la plato, wanakubali lile la nyumbani ao la jirani wanayemujua.

Upande wa ibada

Waadventista wengi wa Lubero na Butembo wanaanzia ku Mwanzo 1:29, pale mutu anapewa mimea na matunda kuwa chakula chake. Lakini kanisa lao halikatazi mayai. Ellen White, mumoja wa waanzilishi, katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya uponyaji, alisifu chakula cha mimea, na papo hapo akaonya kwamba watu wa sehemu zenye umaskini, ambako matunda na mbegu za mafuta ni haba, wasisukumwe kuacha maziwa na mayai. Aliona tofauti ile ile ya mwenye kuacha na mwenye kukosa. Marasta nao wana chakula chao cha ital, kisicho na nyama, na wengi hawatii yai mu kinywa. Kwao ni jambo la usafi wa mwili na wa roho.

Mwili unapoteza nini

Yai moja linaleta karibu gramu 6 za proteini, na proteini yake ni kati ya zile nzuri kabisa. Linaleta pia vitamini A, vitamini D, iyodi, kolini ambayo ubongo unahitaji, na vitamini B12 kidogo.

Proteini si shida kubwa kwa mutu mukubwa mwenye kula vizuri. Gramu 6 za yai moja unazipata mu gramu 30 za maharagi makavu, ao mu gramu 25 za karanga, kiasi cha kujaza kiganja kimoja. Soja ndiyo yenye nguvu kuliko zote: katika gramu 100 za mbegu kavu kuna karibu gramu 36 za proteini. Kolini inapatikana pia mu soja na maharagi. Vitamini A inatoka mu mawese mekundu, mu lengalenga na mu viazi vitamu vya rangi ya karoti. Vitamini D inatoka ku jua, na jua tunalo.

Madini ya chuma ya mimea yanaingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Ili yaingie vizuri, kamulia ndimu ao kula chungwa pamoja na maharagi na mboga, na chai ngoja uinywe kisha saa moja hivi, sababu chai inazuia chuma.

Shida ya kweli ni vitamini B12. Mimea haina. Si lengalenga, si soja, si uyoga wa kutegemea. Mutu mukubwa anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na yai moja linaleta karibu nusu ya mikrogramu, kwa hiyo hata mwenye kula yai moja kwa siku alikuwa anapata sehemu ingine mu samaki, nyama ao maziwa. Akiacha vyote, hataona kitu mara moja, sababu ini linaweka akiba ya miaka. Hapo njo hatari. Kisha miaka miwili, mitatu, mutu anaanza kuchoka, mikono na miguu inafanya ganzi kama wadudu wanatembea, anasahau, anayumba akitembea. Mboga za majani zinaweza kuficha upungufu wa damu, na wakati huo mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Ikiharibika sana hairudi.

Dawa yake ni rahisi: kidonge cha B12. Mutu mukubwa anatumia mikrogramu 10 kila siku, ao mikrogramu 2000 mara moja kwa juma. Soma karatasi ya dawa. Katika farmasi zetu kuna vidonge vingi vinavyochanganya B1, B6 na B12. Vimetengenezwa kwa wagonjwa, na B6 nyingi ikitumiwa muda murefu inaweza yenyewe kuumiza mishipa. Uliza munganga ao mwenye farmasi akupatie B12 peke yake, ao kituo cha afya kikupige sindano yake. Mutu asiyeweza kupata kidonge hicho kila wakati asiache mayai, samaki na maziwa vyote pamoja.

Muhogo, konzo na goita

Mashauri mengi juu ya kuacha mayai yameandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani ambao hawali muhogo kila siku. Sisi tunakula, na hilo linabadili hesabu.

Muhogo muchungu una sumu. Ukilowanishwa siku 3 ao 4, ukaanikwa vizuri ku jua, sumu inaisha karibu yote. Ukifanyiwa haraka, sumu inabaki, na mwili unaiondoa kwa kutumia aina fulani ya proteini zenye salfa. Yai linazo nyingi. Mutu anayekula muhogo usiolowanishwa vizuri, bila hizo proteini, anaweza kushikwa na konzo: miguu inakakamaa kwa gafula, na haiponi tena. Ugonjwa huo ulielezwa na munganga Trolli mu Kwango mwaka 1938, na jina ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Unashika zaidi watoto na wanamuke. Visa vimeonekana pia mu Kivu ya Kusini wakati wa vita, pale watu walikula muhogo haraka kwa sababu ya njaa na kukimbia.

Maharagi peke yake yana salfa kidogo. Mahindi, muchele, mutama na ufuta vinaongeza. Kwa hiyo maharagi na bugali ya mahindi, ao muchele na maharagi, ni chakula kizuri kuliko muhogo na sombe peke yake. Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemshwe muda murefu.

Kisiwa cha Idjwi, mu Ziwa Kivu, kilijulikana kwa goita, na wanganga walichunguza pale tangu miaka ya 1960. Waliona kwamba kukosa iyodi na kula muhogo mwingi vinaenda pamoja. Mwenye kuacha mayai na samaki atumie chumvi yenye iyodi kila siku, na aifunike vizuri isipate unyevu.

Jikoni: nini pa nafasi ya yai

Mandazi ya kila siku hayahitaji yai: unga, sukari, chumvi na hamira vinatosha. Kwa keki, yai linafanya kazi mbili, kushikamanisha na kuinua. Ili kushikamanisha, kijiko kimoja kikubwa cha unga wa soja na vijiko 2 vya maji vinachukua nafasi ya yai moja. Nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa nayo inafaa, lakini ladha ya ndizi itasikika. Ili kuinua, weka bikarbonati na siki kidogo ao maji ya ndimu mwisho kabisa, mbele ya kutia ku moto.

Pa nafasi ya omeleti, watu wengi wanapenda tofu, ile ambayo mu Goma na Bukavu inauzwa pia kwa vijiti kama nyama. Kuitengeneza: lowanisha soja usiku muzima, ondoa maganda, saga pamoja na maji, chemsha huku unakoroga ili isimwagike, kisha chuja kwa kitambaa. Rudisha maziwa ku moto, yakianza kuchemka ondoa, mwangia maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka yagandamane. Mimina mu kitambaa, weka jiwe juu, ngoja saa moja. Ukiiponda mu kikaango pamoja na kitunguu, tomati na manjano kidogo, unapata kitu cha kuweka ndani ya chapati. Soja mbichi isiliwe hata kidogo. Inazuia tumbo kutumia proteini. Ikaangwe ao ichemshwe kwanza.

Nani asiachishwe

Mutoto wa miezi 6 hadi miaka 2. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya 2023, linaomba mutoto wa umri huo ale nyama, samaki ao yai kila siku. Tumbo lake ni dogo, haliwezi kubeba maharagi ya kutosha kujaza pengo. Mu Kivu tunajua bwaki, mutoto anavimba miguu na nywele zinageuka rangi. Uji ya masoso, yaani mahindi, soja na mutama, inasaidia sana, lakini ikipatikana nusu ya yai iliyopondwa ndani yake, ama ndagala ao sambaza zilizosagwa, inakuwa nzuri zaidi.

Mama mwenye mimba na mwenye kunyonyesha. Mama asiyekula chochote cha munyama na hatumii B12 anaweza kuzaa mutoto ambaye kisha miezi michache anaacha kukomaa, analegea, hachekeleshwi tena. Mama anaweza asisikie kitu. Akitaka kuendelea bila mayai, aseme jambo hilo siku ya kwanza ya kupima mimba, na apate kidonge.

Mugonjwa anayepona, muzee asiyekula sana, na mutu yeyote aliye kambini ao katika jamaa ya kupokelewa, ambaye anakula kile anachopewa. Hao wakipewa yai, wale.

Kukaa na wengine

Mu kijiji, mugeni anachinjiwa kuku, ao anakaangiwa mayai ya mwisho ya nyumba. Kukataa mbele ya sahani kunaumiza. Tuma habari mapema: mama, usisumbuke na kuku, maharagi yako njo ninayapenda. Mu nyumba, bwana ao bibi anayeacha mayai asiache plato isinunuliwe kama watoto wangali wanahitaji. Anaweza kupika yai na asilile.

Anayetaka kuanza, aanze na kitu kimoja: kidonge cha B12 kwanza, mbele ya kupunguza yai hata moja. Kisha aongeze maharagi, soja na karanga kila siku, aangalie muhogo wake na chumvi yake. Yai liondoke mwisho, wakati pengo limekwisha kujazwa. Na liondoke ku sahani ya mutu mukubwa aliyechagua. Sahani ya mutoto haijachagua kitu.